Lifta Kumi na Sita kwenye Trei ya Mayai

Kufikia mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita, ukiingia Kitale mgeni, na gari linalolia, hata muuza ndizi wa pale stendi angekuelekeza: nenda barabara ya Tuwan, uliza Nyaruai. Ungemkuta mwanamke mwembamba ndani ya overoli ya bluu, bisibisi ndefu mfukoni, akizungumza kwa sauti ya kuezua paa. Wageni walidhani amezaliwa hivyo. Wapi! Sauti ile aliitafuta, tena aliipata kwa wiki moja tu, na wiki yenyewe nusura imwage unga wake.

Mungu alipokuwa akigawa sauti, Nyaruai alipewa ya kuonja. Zamu ya masikio ilipofika, akajaziwa kikapu. Shuleni kule Moi's Bridge mwalimu alimfanya arudie jibu mara tatu, na mara ya tatu alimsogelea hadi kwenye dawati. Lakini msichana huyohuyo, akiwa na miaka tisa, alimwambia baba yake, mzee Kinyua, kwamba mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa na beringi inayolia upande wa kushoto. Kinyua, aliyekuwa akiizungusha mashine hiyo shamba kwa shamba kila msimu wa mavuno, akacheka. Siku mbili baadaye beringi ikapasuka, upande uleule wa kushoto, magunia sitini yakisubiri. Tangu hapo Kinyua hakuwasha mashine bila kumwita binti yake. Nyaruai alisimama kando, macho ameyafumba, vumbi la mahindi likimjaa kichwani, kisha akajibu kwa kichwa tu: ndiyo, au hapana.

Kwa hiyo alipomaliza kidato cha nne na kukataa katakata kwenda kusomea ushonaji, baba yake hakubishana naye. Alimpeleka Kitale kwa Waithaka, jamaa yao wa mbali, mwenye gereji ya mabati matano na mti mmoja wa mjakaranda. Ilikuwa mwaka wa themanini na nane.

Waithaka alikuwa fundi wa tangu zamani za matrekta ya walowezi. Mtu mkubwa, mabega kama mlango, na hakujua kusema bila kupiga kelele. Alipoweka ncha ya bisibisi yake ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, gereji nzima ilisimama kama iko kwenye maombi. Akisema ni pampu, ni pampu. Wateja walitoka hata Kapenguria kuja kusikia hukumu yake.

Ila kulikuwa na jambo moja. Waithaka hakuzungumza na Nyaruai. Kila asubuhi msichana alisema, "Habari ya asubuhi, Mzee," na mzee akapita kama amepita kando ya gurudumu. Akimuuliza swali kuhusu kabureta, mzee anaendelea kukaza nati zake. Kiplangat, fundi mkubwa wa pili pale, akiuliza swali lilelile, anapata jibu la dakika kumi na hadithi ya mzungu mmoja juu yake. Miaka miwili ilipita hivyo. Nyaruai alijifunza breki, klachi na gia kwa mikono ya Kiplangat, na moyoni akakata kauli: huyu mzee hataki msichana kwenye gereji yake, ananivumilia kwa kuona haya mbele ya baba. Ilimchoma. Usiku mwingine alilia, asubuhi akaosha uso akasalimia tena. Na tena akapitwa.

Sasa ikafika Januari ya mwaka wa tisini, siku ya Jumatatu, jua kali, mahindi yameshavunwa na mabua yamelala. Gari jeupe la V8 likaingia gerejini likinguruma hadi makopo rafuni yakacheza. Aliyeshuka ni Cheruiyot, mkulima wa viazi kutoka upande wa Cheptais, ambaye alipenda vitu viwili duniani: ng'ombe wake wa maziwa, na hilo gari. Jumamosi hiyo kulikuwa na mbio za magari kwenye uwanja wa nyasi nje ya Bungoma. Mwaka uliotangulia alikuwa wa nne. Mwaka huu alikuwa ameapa, mbele ya ukoo wote, kwamba atapanda jukwaani.

"Imeanza kuongea, bana," akasema, uso umemkunjamana. "Skizeni. Tik-tik-tik-tik. Kutoka juzi haijanyamaza."

Waithaka akachomoa bisibisi. Akagusa injini hapa, akagusa pale, akainama chini, akainuka. Kisha akatoa hukumu kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe:

"Beringi za krankshafti! Injini inatoka yote. Wiki tatu!"

Cheruiyot akashika kichwa kwa mikono miwili. Wiki tatu! Mbio ziko Jumamosi! Ungedhani ameambiwa ng'ombe wote wamekufa.

Nyaruai alikuwa kando na beseni lake la vipuri, na masikio yake yalikuwa yamesimama wima. Mlio ule haukutoka chini, kwenye krankshafti, ile nondo kuu inayozungushwa na pistoni. Ulitoka juu. Ulikuwa mwepesi, mkavu, tena ulikuwa na mwendo wake: injini ikizunguka mara mbili, wenyewe unagonga mara moja. Kitu pekee kinachokwenda nusu ya mwendo wa krankshafti ni kemshafti, ile nondo yenye manundu inayofungua valvu. Akaweka beseni chini.

"Sio beringi," akasema. Hakuna aliyegeuka. Akasema tena. Kiplangat, aliyekuwa karibu, akamtazama.

"Ati nini?"

"Sio beringi. Ni lifta."

Lifta ni kipande cha chuma cha mviringo, unene wa gunzi dogo la mahindi, kinachokaa juu ya nundu la kemshafti. Injini nyingi walizozizoea, za matrekta na malori, zina tapeti za kukaza kwa spana. Lakini lifta za V8 hazina cha kukaza. Zinajaa oili ndani, na oili hiyo ndiyo inayoziba nafasi yote ili chuma kisigongane na chuma. Ikikosa oili, au ikilegea ndani, inagonga. Tik-tik-tik. Nyaruai alikuwa ameyasoma hayo kwenye kitabu cha injini kilichoachwa gerejini na mteja mmoja, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ya shule pembeni.

"Anasema nini huyo?" Waithaka akamuuliza Kiplangat.

"Ati sio beringi, Mzee! Ati ni lifta!"

Uso wa mzee ukaiva. "Mwambie nimejua beringi kabla hajazaliwa!"

Mwambie! Na yeye amesimama hapo, hatua tatu! Nyaruai alihisi damu ikimpanda hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza hakurudi nyuma. Alitembea hadi kwenye gari, akaomba liwashwe, akachukua kitambaa kikavu akaanza kuchomoa waya za plagi, moja baada ya nyingine. Silinda ikinyimwa moto, mzigo wake kwenye krankshafti unapungua, na beringi mbovu hubadilisha mlio. Akachomoa ya kwanza, akairudisha. Ya pili. Hadi ya nane. Injini ilikohoa kila mara, lakini tik-tik-tik ikabaki vilevile.

"Haijabadilika," Kiplangat akasema polepole. "Mzee, hata kidogo haijabadilika."

Waithaka alisimama akiwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Kisha akagonga boneti kwa kiganja.

"Haya! Afungue! Akikuta ni lifta, na gari likinyamaza, sawa. Akikuta ni beringi, siku hiyohiyo arudi kwa babake akapukuchue mahindi!"

Basi unga wa Nyaruai ukawa umewekwa juu ya injini ile, mbele ya mashahidi. Cheruiyot naye hakuwa na njia nyingine ya kufika Jumamosi. "Fungua, dada," akasema. "Fungua tu."

Jumanne asubuhi akafungua. Alipoinua vifuniko vya valvu, Kiplangat alipiga mluzi. Oili ilikuwa nyeusi, nzito kama uji wa wimbi uliolala.

"Uliweka oili gani?" Nyaruai akauliza.

Cheruiyot akakuna shingo. "Ile ya trekta. Binamu aliniambia ikiwa nzito itanyamazisha kelele."

Oili ya trekta kwenye injini ya mbio! Ilikuwa imeziba vijitundu vyote vinavyolisha lifta. Nyaruai angecheka kama unga wake usingekuwa juu ya injini hiyo. Akatoa roka zinazobonyeza valvu, akatoa fimbo za kuzisukuma roka hizo, akafika kwenye lifta zenyewe. Na hapo alihitaji kitu.

Maana lifta iliyokwisha kutumika ina mazoea. Uso wake umesuguana na nundu lake moja kwa miaka mingi hadi wakalingana. Ukiichukua ukaiweka juu ya nundu la jirani, injini itawaka, itanguruma, itakupendeza. Lakini polepole wataanza kulana, hadi kemshafti inakwisha. Kwa hiyo kila lifta lazima irudi shimo lake. Nyaruai alitazama huku na huku, akaona rundo la trei za mayai nje ya nyumba ya Waithaka, iliyokuwa nyuma ya gereji. Wakonyo, mke wa mzee, alifuga kuku wa mayai mia mbili, na kila Alhamisi aliwapelekea wenye hoteli. Nyaruai akavuta trei moja. Hakuuliza, kulikuwa na nini cha kuuliza, trei ya karatasi tu? Akaandika namba kwa chaki kando ya kila shimo, moja hadi kumi na sita, akapanga lifta zake kama mayai.

Kisha akazibonyeza moja moja. Iliyo nzima, imejaa oili, inakugomea kidole. Ya tatu ikazama bila ubishi. Ya saba ikazama. Ya kumi. Ya kumi na nne. Nne! Akamwita Kiplangat abonyeze mwenyewe, akabonyeza, akaanza kucheka.

"Kweli ni lifta, we msichana! Nne zimekufa kabisa!"

Waithaka alikuja, akabonyeza, akarudi kwenye lori alilokuwa akitengeneza. Kwake kazi haikuwa imeisha. Sharti lilikuwa gari linyamaze.

Jumatano alfajiri Nyaruai alikwenda Bungoma, kwa sababu maduka yote ya Kitale hayakuwa na lifta hata moja. Alizunguka maduka matano ya vipuri. La sita, karibu na reli, mwenye duka alipanda ngazi, akavuta kisanduku chenye vumbi.

"Ziko nne tu, dada," akasema. "Rifta za V8 hakuna mtu anauriza huku. Nirikuwa karibu nitupe."

"Usitupe!" Nyaruai akasema. Nne! Zilezile alizohitaji, hata moja isizidi! Njia yote ya kurudi alizipakata kama mtoto mchanga, na mara mbili alijikuta anacheka peke yake hadi mama aliyekaa kando akasogea.

Alifika gerejini saa tisa mchana, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake. Trei haikuwepo.

Nyuma ya nyumba alimkuta Wakonyo, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, beseni la mafuta ya taa mbele yake, na ndani ya beseni lifta kumi na mbili nzima na nne mbovu zimelala pamoja, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Trei ilikuwa imepanguswa na tayari ina mayai.

"Nimekusaidia, mama," Wakonyo akasema kwa furaha. "Nimeona trei yangu na hivi vitu vichafu, nikajua ni vya kuosha. Si wewe huosha kila siku? Leo upumzike."

Nyaruai alilitazama beseni. Hakuweza hata kukasirika. Mama huyu mpole alikuwa amezisugua kwa upendo, moja moja, kwa mswaki. Aliinama akaokota mbili. Zilifanana kama punje mbili za mahindi. Ipi ilikuwa ya tano? Ipi ya kumi na mbili?

"Asante, Mama," akasema.

Kisha alisimama pale na lile beseni, na wazo likamjia. Hakuna aliyejua. Wakonyo hakujua alichofanya. Akizirudisha hivyohivyo, na zile nne mpya, Jumamosi V8 ingeimba. Yeye angebaki na kazi yake. Ni baadaye, labda Pasaka, kemshafti ingekuwa imelika, na nani angekumbuka trei ya mayai? Wangesema ni mbio zimeiua. Alilitamani wazo lile. Alilitamani vibaya sana, na aliogopa jinsi lilivyokaa vizuri kichwani.

Lakini alijua pia kwamba kila gari lile litakapopita, yeye atalisikia. Watu wengine wangesikia injini; yeye angesikia chuma kikilana, na angejua ni mkono wa nani.

Akabeba beseni hadi alipokuwa Waithaka, chini ya lori.

"Mzee, lifta zimechanganyika," akasema. Waithaka akaendelea kukaza. "Mzee." Spana inazunguka. "Mzee, tafadhali." Hakuna. Na hapo miaka miwili ya salamu zisizojibiwa ikampanda kooni yote kwa pamoja, akafungua mdomo:

"MZEE! LIFTA ZIMECHANGANYIKA!"

Kuku mia mbili waliruka. Kiplangat aliangusha nyundo. Waithaka akatoka chini ya lori, macho yamemtoka.

"ZIMECHANGANYIKA!" Nyaruai akaendelea, machozi yakimtiririka, maana sauti ikishatoka haikujua njia ya kurudi. "HAZIWEZI KURUDI! NILICHUKUA TREI BILA KUULIZA, MAMA AMEZIOSHA, MAKOSA NI YANGU! NIKIZIRUDISHA HIVI NITAHARIBU GARI LA MTU! NIFUKUZE TU!"

Waithaka alimtazama kama mtu anayemwona mgeni. Kisha akapangusa mikono, akaingia stoo, akasikika akisogeza mabati. Alirudi na kopo kubwa la mafuta ya kupikia, kifuniko kimeshika kutu. Akalifungua. Ndani, zimefungwa kwenye karatasi yenye grisi, lifta mpya. Nyaruai alizihesabu kwa macho mara mbili. Kumi na sita.

"Mzee mmoja wa Endebess aliagiza mwaka wa themanini na mbili," Waithaka akasema, na kwa ajabu hakupiga kelele sana. "Akahama kabla sijamfungia. Mpya haina mazoea na nundu la mtu. Angalia kemshafti kama ni nzima, halafu zifunge."

"Ulikuwa nazo wakati wote?" Kiplangat akauliza.

"Nilisema ni beringi," mzee akajibu. "Ningezitoaje?"

Alhamisi Nyaruai alipitisha ukucha juu ya kila nundu la kemshafti, hakuna lililokwaruzika. Akamwaga ile oili ya trekta, akasafisha vijitundu, akaziloweka lifta zote kwenye oili safi na kuzisukuma kwa fimbo, moja moja, hadi mapovu yakaisha. Akazifunga. Safari hii alikwenda kumwomba Wakonyo trei kwa mdomo wake, na Wakonyo akaomba msamaha mara saba na kumletea mayai mawili ya kuchemsha.

Ijumaa saa nne asubuhi gereji ilijaa. Cheruiyot alikuja na kaka zake watatu, mafundi wa jirani walikuja, hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliacha kichwa cha mtu nusu. Nyaruai alikuwa amewaeleza wote: ikiwaka isizimwe, ikae mizunguko elfu mbili kwa dakika, muda wa dakika ishirini, lifta zijae oili na zizoee manundu yake. Wote wakaitikia. Kiplangat akageuza ufunguo.

Kelele iliyotoka, jamani! Lifta kumi na sita zikigonga kwa pamoja, kama mvua ya mawe juu ya mabati! Watu waliziba masikio. Cheruiyot aligeuka rangi. Mkono wa Kiplangat, mkono wa fundi aliyezoea kuua injini inayogonga, ukaruka kwenye ufunguo.

"USIZIME!" Nyaruai akapaza. "ELFU MBILI! SHIKILIA!"

Kiplangat akashikilia, jasho linamtiririka. Nyaruai akafumba macho, akainua vidole. Dakika ya kwanza, mvua ya mawe. Dakika ya pili, mlio mmoja ukaanguka. Mwingine! Mwingine tena! Zilikuwa zinajaa, moja baada ya nyingine zinajaa oili na kunyamaza! Kumi na moja, kumi; hapo vidole vikatosha, akaanza kuvikunja: tisa, sita. Watu wakaanza kuhesabu naye kwa sauti: "Tano! Nne!" Kinyozi alikuwa anarukaruka na mkasi mkononi. Dakika ya tisa ikabaki moja. Tik-tik-tik. Peke yake, kavu, ya saba upande wa kulia. Tik-tik-tik. Dakika ya kumi. Ya kumi na moja. Watu wakaacha kuhesabu.

Waithaka akasogea na bisibisi yake. Akaiweka kwenye kifuniko, palepale, mpini sikioni. Kila mtu aliona uso wake ukitulia.

"Imeisha!" akasema. "Zote zimenyamaza. Zima."

Lakini haikuwa imenyamaza. Tik-tik-tik, ilisikika hadi barabarani. Cheruiyot alimtazama Kiplangat, Kiplangat akatazama chini. Na Nyaruai akaelewa. Mngurumo wa chini mzee aliupata. Ndio aliouita beringi. Ule mlio mwepesi wa juu haukumfikia kabisa. Haukumfikia Jumatatu, haukumfikia leo. Na kuna sauti nyingine nyepesi, nyembamba, iliyomsalimia kila asubuhi kwa miaka miwili.

Alienda akasimama karibu naye, mdomo kwenye sikio lake, ili wengine wasisikie.

"Bado moja, Mzee. Nitazame. Nitakunja kidole ikinyamaza."

Waithaka alimgeukia. Macho ya mtu mkubwa yule yakajaa maji, haraka, kisha akaitikia kwa kichwa mara moja: sawa. Akaacha kuitazama injini. Akatazama kile kidole kimoja kilichosimama, kama vile wote walivyokuwa wakikitazama. Dakika ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Nyaruai alihisi mlio ukipungua, ukawa kama kucha kwenye kitambaa, ukawa kama kumbukumbu ya mlio.

Akakunja kidole.

Gereji ililipuka! Cheruiyot alimkumbatia Kiplangat, kaka zake wakakumbatia mafundi ambao hata hawakuwajua, na Wakonyo alipiga vigelegele vitano, kama Wakikuyu wanavyopiga mtoto wa kiume akizaliwa. Katikati ya kelele hizo V8 iliendelea kunguruma, laini, nzito, safi kabisa. Nyaruai alikuwa anacheka na kulia, hakujua kipi kilianza.

Jumamosi wote walikwenda Bungoma. Cheruiyot hakushinda, alikuwa wa tatu, lakini wa tatu hupanda jukwaani, na ukoo wote ulipiga kelele kama ameshinda dunia. Nyaruai na Waithaka walisimama kwenye kona ya mwisho, vumbi jekundu likiwapaka. Gari jeupe lilipopita mara ya kwanza, mzee akainamisha kichwa.

"Niambie."

"Safi, Mzee! Hakuna tik hata moja!"

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, macho yakiwa uwanjani, "Ni kama miaka minne sasa. Nilianza kupoteza milio ya ndege. Halafu ya simu. Fundi asiyesikia, nani atamletea gari?"

"Mimi nilidhani hunitaki," Nyaruai akasema kwa nguvu. "Kila asubuhi nakusalimia, unapita."

Waithaka akageuka kumtazama, mdomo wazi.

"Ulikuwa unanisalimia?"

"Kila siku, Mzee! Miaka miwili!"

"Na mimi nilikuwa namwambia Mama, huyu mtoto wa Kinyua ana maringo, hata salamu hanipi. Nilitaka kukurudisha nyumbani kwa hiyo."

Wakatazamana. V8 ikapita tena, na hakuna kati yao aliyeisikia.

Jumatatu saa moja, Nyaruai alifika gerejini. Waithaka alikuwa anafungua mlango, mgongo umemwelekea. Bisibisi ile ndefu ilikuwa juu ya meza ya Nyaruai, imepanguswa. Akaichukua, akaitia mfukoni, akavuta pumzi hadi tumboni.

"HABARI YA ASUBUHI, MZEE!"

Kuku waliruka, na mbwa wa jirani akaanza kubweka. Waithaka akageuka palepale.

"Nzuri, binti yangu," akajibu. "Umelalaje?"